Mbwa wa kazi shambani: mwongozo wa kulea na kufunza, Goma na mashamba ya jirani

Mwongozo huu ni wa mkulima, mfugaji na kijana anayejipatia riziki kwa mbwa katika mji wa Goma na mashamba yanayouzunguka: Kibumba, Rugari, Mugunga, Sake na njia ya kwenda Rutshuru. Unahusu mbwa wa kazi, yule anayepelekwa shambani kutafuta fuko wanaokula viazi, panya wanaomaliza mahindi ghalani na ndezi wanaoangusha miwa kando ya mito. Haumlengi mbwa wa kulinda geti usiku, ingawa mengi yaliyomo yatamfaa na yeye.

Jambo moja linatangulia yote. Katika ardhi yetu, mbwa hodari wa kukimbiza ambaye hasikii akiitwa ni hasara kwa mwenye mbwa na hatari kwa mbwa mwenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Virunga imepakana na mashamba. Mashimo ya mawe ya volkano yana hewa inayoua. Vita vimeacha mabomu ambayo hayajalipuka kwenye majani. Mbwa hajui lolote kati ya hayo. Anayejua ni mtu aliyeshika filimbi. Ndiyo maana hapa kurudi kunafundishwa kabla ya kukamata. Wengi hufanya kinyume: humtupia mtoto wa mbwa wa miezi minne panya aliye hai ili apate ukali. Ukali anaupata, na windo lake la pili ni kuku wa jirani.

Kuchagua mbwa

Uingereza, wawindaji wa sungura hupenda mbwa waitwao lurcher. Hao si aina moja. Ni chotara wa mbwa wa mbio, kama greyhound au whippet, na mbwa wa kuchunga kondoo au terrier. Damu ya mbio huleta kasi, damu ya mchungaji huleta usikivu. Huko nako hakuna ruhusa ya kuwinda ovyo: sheria iliyoanza kutumika Februari 2005 ilizuia kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa katika England na Wales, ikabakiza njia chache tu, mojawapo ikiwa kuwinda sungura na panya, tena kwa idhini ya mwenye ardhi. Cha kujifunza kwao ni namna ya kuchagua wazazi: kasi peke yake haitoshi, lazima mzazi mmoja awe mbwa anayemtazama mtu wake usoni.

Sisi hatuna haja ya kuagiza greyhound, ambaye ngozi yake nyembamba itachanika upesi kwenye mawe ya volkano ya Nyiragongo. Congo ina mbwa wake wa kuwinda wa tangu zamani. Katika misitu ya Ituri, Wambuti huwinda kwa nyavu wakiwa na mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Hawabweki kama mbwa wengine, kwa hiyo hufungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo. Mbwa wa asili hiyo walionyeshwa London mwaka 1937 kwa jina la basenji, na leo wanafugwa duniani kote. Mbwa wa kienyeji tunayemwona mitaani Goma, mwembamba, wa manyoya mafupi na kifua kirefu, anastahimili jua, mvua na chakula kidogo, na kwa kazi hii ndiye ninayempendekeza. Berje wanaopendwa mjini kwa ulinzi ni wazito, manyoya yao ni mengi, na huchoka mapema kwenye mteremko.

Kabla ya kumchukua mtoto, nenda ukamwone mama yake. Mwone anapokula huku watoto wa nyumba wakipita karibu, na umwone akiitwa. Mama anayenguruma kwenye sahani huwafundisha wanawe hivyo hivyo. Mtoto mwenyewe awe na macho makavu, asiwe na tumbo lililovimba kwa minyoo, na ukichuchumaa aje kwako bila kuburutwa. Usimtoe kwa mama kabla ya wiki 8, hata ukiambiwa anakula peke yake.

Chakula na chanjo

Bugali peke yake haujengi misuli. Changanya na sambaza waliokaushwa na kupondwa, maharage yaliyoiva sana, au utumbo uliochemshwa. Mtoto ale mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Vyote viwili visiingie kwenye sahani yake. Siku ya kazi asile shibe kabla ya kukimbia. Mpe kidogo alfajiri, na chakula kamili akishapumzika jioni, kwa sababu tumbo lililojaa linaweza kujipinda na kumuua siku hiyo hiyo.

Dawa ya minyoo ianze wiki ya pili, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake. Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe akifika miezi mitatu, irudiwe baada ya mwaka, na baadaye kama veterineri atakavyoelekeza. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Katika mji ambao umeme hukatika, mwombe veterineri akuonyeshe friji. Chupa iliyokaa juu ya meza dukani usiilipie hata franga moja.

Kufundisha kurudi

Chagua neno moja. Nyumba nyingi za Goma zina lugha tatu au nne: baba anaita kwa Kiswahili, watoto kwa Kifaransa cha shule, bibi kwa Kinande au Kinyarwanda. Mbwa anayeitwa kwa maneno manne hujifunza kwamba hakuna neno lenye maana. Kaeni kama familia mkubaliane, na watoto wafundishwe kwanza, maana wao ndio wanaoshinda na mbwa. Juu ya neno hilo ongeza filimbi. Filimbi haina hasira wala uchovu, na sauti yake hupenya upepo kuliko ya mtu.

Kuanzia siku anapofika nyumbani, piga filimbi mara mbili fupi kabla tu ya kuweka sahani chini. Fanya hivyo kila mlo. Baada ya siku chache atakuja mbio akiisikia hata kama sahani haioni. Hapo ndipo unapotoka naye nje, akiwa na mkanda shingoni na kamba nyepesi ya mita 10 inayoburuta.

Mtazame mfunzaji mzuri katika uwanja mtupu, tuseme pale Majengo. Amechuchumaa kiubavu, kamba imelala chini ya unyayo wake, mfukoni ana sambaza. Mtoto wa mbwa yuko kwenye gunia la makala, pua imezama. Mfunzaji anapiga ile milio miwili mifupi ya filimbi, kisha basi, hairudii. Kinachogeuka kwanza ni sikio, kabla ya kichwa. Katika nukta hiyo hiyo mfunzaji anainuka na kurudi nyuma hatua tatu nne, kwa sababu mbwa hufuata kinachoondoka. Mtoto anakuja mbio. Anapewa sambaza mmoja, wa pili, wa tatu, mmoja mmoja, huku mkono mwingine ukishika mkanda wa shingoni. Kisha, na hapa wengi hukosea, mfunzaji anamwachia arudi kwenye gunia lake. Mbwa anayefungwa kila anaporudi hujifunza kwamba kurudi ndiko kunakomaliza raha. Anayeachiwa tena hurudi kwa moyo, mwaka hadi mwaka.

Dakika tano zinatosha, asubuhi na jioni. Asipokuja, usiite tena na usimkimbize. Kanyaga kamba, mvute taratibu, mpe chakula kidogo hata hivyo. Mbwa aliyechelewa akarudi asipigwe kamwe. Yeye haunganishi kipigo na kuchelewa. Anakiunganisha na kile alichofanya mwisho, yaani kukufikia. Nimewaona mbwa wazuri walioharibiwa kwa pigo moja la aina hiyo: wanarudi hadi hatua kumi, wanazunguka, hawashikiki tena.

Akishazoea, mpeleke penye mambo mengi: karibu na mbuzi, kandokando ya barabara ambako chukudu na motari zinapita, sokoni akiwa kwenye kamba fupi. Familia nyingi mjini zinafuga sungura kwenye vibanda vya mbao, na mbwa wa kuwinda lazima aishi jirani nao. Mweke mbali na kibanda, kwenye kamba, mahali ambapo anawaona lakini hajapandwa na wazimu. Akigeuza macho kukutazama wewe, mpe chakula. Sema neno "acha" wakati anageuka, si wakati anavuta. Sogea hatua moja kila siku, na ukiona anatetemeka na kufunga mdomo, umesogea upesi mno. Usitumie sungura wa kufugwa kumjaribu. Kwanza ni ukatili, na pili unamfundisha kuua mali ya watu.

Amri ya mwisho kabla ya shamba ni kusimama: mlio mmoja mrefu wa filimbi, mbwa anaganda alipo. Ifunze kwa kumzuia na kamba kila mlio unapolia, kisha umfuate wewe na chakula pale aliposimama. Kuna wakati kumwita mbwa arudi ni kumpitisha kwenye hatari, kama vile barabara ya Sake yenye malori, na hapo mlio huu ndio utakaomwokoa.

Harufu ya windo aionje kuanzia miezi sita, kwa matembezi mafupi. Kukimbia kwa nguvu na kuruka mawe kusubiri hadi mwaka mmoja, mifupa ikishakomaa.

Kazi yenyewe

Fuko haonekani, kinachoonekana ni vichuguu vya udongo mbichi kwenye tuta la viazi. Mbwa aliyefundwa hunusa kichuguu hadi kichuguu, kisha husimama kwenye kimoja na kuinamisha kichwa upande, akisikiliza. Hapo kazi yake imekwisha. Mbwa anaonyesha, mtu anachimba kwa jembe. Ukimwachia achimbe mwenyewe atang'oa viazi vingi kuliko ambavyo fuko angekula mwezi mzima, na mwenye shamba hatakuita tena.

Ndezi ni habari nyingine. Hujificha kwenye matete, dume mkubwa hupita kilo 5, na meno yake ya mbele hukata mkono. Mbwa mchanga asimkabili peke yake. Ingiza mbwa wawili upande mmoja wa matete, watu wasimame upande wa pili, kelele ziwe chache. Windo likikamatwa liuawe mara moja kwa pigo moja la mtu mzima; kuwaachia mbwa walichezee huwafanya waharibifu, na mnyama hana sababu ya kuteswa.

Kwa panya wa ghalani, swali la kwanza kwa mwenye ghala ni kama aliweka sumu. Sumu nyingi za panya zinazouzwa sokoni huzuia damu kuganda, na mbwa aliyekula panya mwenye sumu anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu kabla ya kuanza kutoka damu puani au kukojoa damu. Mpeleke kwa veterineri kabla ya dalili hizo; vitamini K ndiyo tiba yake. Kama sumu ilitegwa juma hilo, kataa kazi.

Mipaka ya hifadhi na sheria

Virunga ilitangazwa mwaka 1925 na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika. Ndani yake hakuna kuwinda, awe tembo au ndezi. Nje yake, uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na ulinzi wa mazingira na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Kabla ya kufuata mnyama yeyote wa porini nje ya shamba lako, uliza ofisi ya mazingira ya eneo lako kuhusu kibali. Ukifanya kazi karibu na mpaka, mbwa awe kwenye kamba. Uwe na koleo ya kukatia waya, kwa sababu mitego ya majangili hunasa mbwa shingoni na mguuni, na mbwa anayehangaika huikaza zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kumweka mbwa nje ya hifadhi. Mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliotiliwa shaka kuwa chanzo. Chanjo ya mbwa wako dhidi ya distempa inawalinda na wanyama ambao hutawaona maishani.

Mbwa wanaoruhusiwa ndani ni wa hifadhi yenyewe. Tangu 2011, makao makuu ya Rumangabo yana kikosi cha mbwa kilichoanzishwa kwa msaada wa Marlene Zähner, daktari wa mifugo kutoka Uswisi: bloodhound wa kufuata harufu ya mtu, na baadaye spaniel wa kunusa silaha na pembe za ndovu. Mwaka 2012 mbwa hao walifuata harufu kutoka kwenye mzoga wa tembo hadi kijiji cha wavuvi. Bloodhound hufuata harufu akiwa kwenye kamba ndefu mkononi mwa askari anayemjua tangu mafunzo. Anayedhani kamba ni ya mbwa asiyejua kazi awatazame hao.

Mazuku, mawe na mabomu

Kutoka magharibi ya Goma kuelekea Sake, karibu na ziwa, ardhi inatoa hewa ya ukaa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na hujikusanya mashimoni na kwenye mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Kila mwenyeji anaijua kwa jina la mazuku. Mbwa anatembea pua ikiwa chini, kwa hiyo anaivuta kabla ya mtu aliyesimama kando yake kuhisi chochote, na inapokuwa nyingi humwangusha ndani ya pumzi chache.

Usiwinde katika mabonde hayo kabla jua halijapanda na upepo haujaanza. Ukiona ndege au wadudu waliokufa ndani ya shimo, mwite mbwa na uondoke. Mbwa akianguka shimoni, usishuke kumfuata, na mzuie mtoto anayetaka kushuka. Watu wamekufa hapa kwetu kwa kushuka kumwokoa mbuzi au mtu aliyetangulia. Kama ana kamba, mvute. Kama hana, umempoteza. Kwa hiyo upande wa Mugunga na Bulengo kamba ndefu haivuliwi.

Mawe ya mlipuko wa Januari 2002 yamekwisha kukanyagwa sana mjini, lakini yale ya tarehe 22 Mei 2021, upande wa Kibati na Buhene, bado yana makali. Mzoeshe mbwa taratibu, dakika chache kila asubuhi, mpaka nyayo zikomae. Ukirudi, zioshe kwa maji ya chumvi na upekue kati ya vidole. Unyayo uliochanika unataka mapumziko hadi ngozi mpya ifunge. Beba maji pia, angalau bidoni ya lita 5: mawe yetu hunywa mvua yote, na hakuna kijito cha kumnywesha.

Mashamba yaliyokuwa uwanja wa mapigano, kuanzia Kibumba hadi vilima vya Sake, yasiingiwe na mbwa hadi wenyeji waseme yanalimwa na kupitwa kila siku. Mbwa akileta chuma mdomoni usimnyang'anye wala usimkimbilie. Toa mlio wa kusimama, rudi nyuma pamoja na watu wote, na ukishakuwa mbali mwite. Akikiacha, weka alama mbali na mahali hapo na utoe taarifa kwa chifu wa mtaa.

Nyama na magonjwa

Jimbo letu lilizika watu wengi kati ya 2018 na 2020, wakati Ebola ilipoua watu 2,287 Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Mnyama uliyemkuta amekufa usimguse na usimruhusu mbwa amle. Windo lichunwe na mtu asiye na kidonda mkononi, aliyevaa glavu, na nyama iive kabisa. Utumbo mbichi usipewe mbwa, kwa kuwa minyoo hupita humo na kurudi kwenye uwanja wanakocheza watoto.

Mtu akiumwa na mbwa, awe wako au wa mtaani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuomba chanjo. Usipake pilipili, majani wala mafuta. Mbwa aliyeuma, kama anashikika bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe kwa hasira. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa na virusi mateni alipouma. Lakini chanjo ya mtu isisubiri siku hizo ziishe. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kumkabidhi mbwa kwa mwingine

Mbwa aliyefundwa ana bei nzuri, na kijana anayewalea kwa bidii anaweza kulipia shule ya wadogo zake kwa kazi hii. Muuzaji mwaminifu haachi mbwa mlangoni na kuondoka na pesa. Mnunuzi aje mara kadhaa, alishe kwa mkono wake, apige filimbi ile ile kwenye uwanja ule ule hadi sikio la mbwa ligeuke kwake. Kwenye kadi ya chanjo, chini ya tarehe za veterineri, andika kwa kalamu maneno mbwa anayoyajua na milio ya filimbi yake: mara mbili fupi ni kurudi, mmoja mrefu ni kusimama. Andika pia kama amewahi kumuuma mtu, na lini.